Picha za Bibi Zisitoke Nje ya Nyumba

 

Leo nina jambo lililonikaa moyoni tangu mwaka jana, na najua wapo watakaonipinga. Zile negativu za zamani zilizolala makabatini mwetu, za harusi, za usiku wa hina, za watoto wachanga, tusizipeleke dukani kuingizwa kwenye kompyuta. Tuzipige picha wenyewe, nyumbani, kwa mikono ya wanawake wa familia. Na lenzi kuukuu ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, inatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Nitawaambia kilichonifikisha hapa.

Mwaka jana nilichukua mkebe wa biskuti wa bibi yangu, umejaa vipande vya filamu, nikampelekea kijana mmoja mwenye skana. Kazi aliifanya vizuri, sina neno. Wiki ya pili binti wa jirani akanionyesha simu yake. Picha ya shangazi yangu, siku aliyopambwa, nywele wazi, mabega wazi, hina mpaka viwikoni, imewekwa kama tangazo la biashara. Chini yake watu wanasifu.

Nilipompigia kijana aliifuta papo hapo na kuomba radhi. Hakuwa na nia mbaya. Kwake ilikuwa picha nzuri ya zamani. Lakini shangazi yupo hai, ana wajukuu, na tangu nipate akili sijamuona akitoka bila kujisitiri. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, siku ile mlango ulikuwa umefungwa." Ningependa angenigombeza.

Mtaniambia, mbona hata wakati ule filamu ilisafishwa studio, na aliyesafisha alikuwa mwanamume? Ni kweli. Mji Mkongwe ni mji wa studio tangu zamani. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilianza mwaka 1930, na nyumba nyingi hapa zina picha zilizotoka kwenye studio kama hizo. Lakini ulipochukua picha zako na negativu zako, ulikuwa umechukua kila kitu. Picha ya karatasi ukimuazima mtu, utaidai. Faili likishabaki kwenye kompyuta ya mwenzio, utalidai vipi? Utajuaje kama amelifuta?

Basi nikaamua kujifunza. Mimi si fundi, ni mama wa nyumbani mwenye kamera ya kawaida, na nilidhani kazi hii inataka mashine kubwa. Kumbe haitaki.

Nilinunua Micro-Nikkor ya milimita 55, lenzi ya mkono ya enzi za filamu, kwa bei iliyo chini ya gauni moja la harusi. Haina umeme ndani yake. Unazungusha ringi mwenyewe mpaka uone sawasawa. Ukoo wa lenzi hizi ulianza Japani mwaka 1956, na zilitengenezwa kwa ajili ya kunakili nyaraka kwenye filamu ndogo, kwa sababu herufi za Kijapani zina vistari vingi na zilitaka lenzi kali. Kwa hiyo kunakili ndiyo kazi yake ya asili. Ina adapta ya kuivalisha kwenye kamera yangu ya sasa, na ringi ndefu ya kuisogeza mbele ili ikaribie zaidi. Bila ringi hiyo, picha moja ya filamu ya kawaida, yenye milimita 24 kwa 36, hujaza kama robo tatu tu ya upana kwenye kamera kama yangu. Ukiivalisha, inajaza yote. Zile negativu kubwa za mraba za zamani hazihitaji ringi kabisa.

Tahadhari moja kwa sisi wa visiwani: kabla hujalipa, mulika lenzi kwa tochi, uangalie ndani. Unyevu wetu huotesha ukungu kwenye vioo, unaonekana kama nyuzi za buibui. Ukiuona, iache.

Kazi yenyewe naifanya usiku, watoto wamelala na taa zimezimwa. Kamera naisimamisha kwenye stendi, inatazama chini. Chini naweka ubao wa taa nyeupe, na juu yake, kwa nafasi kidogo, kipande cha plastiki cheupe cha kulainisha mwanga. Negativu inalala juu yake, upande unaong'aa ukielekea kamera na ule uliofifia chini, kisha picha naigeuza kushoto kulia kwenye kompyuta ikihitajika. Kujua kama kamera imekaa sawa, naweka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa negativu: nikiona lenzi yenyewe katikati ya picha, basi hakuna kilichopinda. Tundu la lenzi naliweka kwenye 8, kamera najipigia kwa kuchelewesha sekunde mbili ili mkono usiitikise. Vumbi naliondoa kwa mpira wa kupulizia, si kwa ncha ya kanga, maana kanga inakwaruza. Na filamu naishika pembeni tu.

Mkifungua mikebe yenu mnuse kwanza. Filamu nyingi za zamani ni za asetati, na joto na unyevu huzifanya zioze zikatoa harufu kali ya siki. Zenye harufu hiyo zitengeni na nyingine, kwa sababu mvuke wake huziozesha zilizo nzima, na zianzwe hizo. Hazisubiri.

Wapo watakaosema, ya nini yote haya, zichomwe tu, picha zenyewe masheikh wamekhitilafiana. Siwezi kuingia kwenye fatwa. Kila familia ina sheikh wake wa kumuuliza. Ninachosema ni kwamba negativu ni amana iliyofungwa. Ukiishika mkononi, weusi ni weupe na uso wa mama yako huutambui. Utaamua vipi juu ya kitu ambacho hujakiona? Anayetaka kuchoma, achome akijua anachochoma. Na anayetaka kuhifadhi, ahifadhi kwa idhini ya mwenye uso.

Idhini hiyo ndiyo iliyonifunza zaidi ya lenzi. Kila nilipomaliza vipande kumi na mbili, nilivigeuza kwenye kompyuta, nikakaa na bibi kitandani kwake asubuhi. Macho yake yamepungua nguvu, lakini picha ikikuzwa anaona. "Huyu ni somo yangu. Huyu alikwenda Maskati, hakurudi. Huyu mtoto hakuishi." Majina niliyaandika yote kwenye daftari. Skana ya dukani isingenipa hata moja, na yule kijana hakuwa na wa kumuuliza.

Siku moja tukafika kwenye picha ya bibi mwenyewe, msichana, amekaa ukingo wa kisima anacheka, maji yanamtiririka usoni. Wallahi katika mkebe mzima hapana nzuri kama ile. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hii ifute, mjukuu wangu."

Nilimsihi. Nikamwambia nitaiweka peke yangu, hakuna atakayeiona. Akasema, "Wewe utaiona. Na siku ukifa?" Sikuwa na jibu. Nikaifuta mbele yake, na kipande cha filamu nikampa mkononi. Alikifanya nini sijui, na sitauliza.

Iliniuma, sifichi. Mpaka leo naweza kuichora ile picha. Lakini hapo ndipo nilipojua kwamba kazi hii haiwezi kufanywa na mgeni, hata awe mwaminifu namna gani, hata mashine yake iwe bora mara kumi kuliko lenzi yangu. Fundi angepiga zote, akanikabidhi zote, na bibi asingeulizwa. Mimi mwenyewe mara ya kwanza sikumuuliza shangazi. Nilimpelekea kijana sura yake kama napeleka nguo kwa dobi.

Sisemi kila mtu anunue lenzi. Katika ukoo mmoja inatosha mmoja, na wengine wakaazima zamu kwa zamu. Hivyo ndivyo tunavyofanya sasa mimi na mawifi zangu. Asiyekuwa na kamera kabisa anaweza kuanza kwa simu na karatasi nyeupe iliyomulikwa kwa nyuma. Picha hazitakuwa kali, lakini zitatosha kumuuliza mwenyewe, "Hii tuiweke au tuiache?" Swali hilo ndilo la kwanza, ukali wa picha unafuata.

Na ulizeni mapema. Filamu zinaoza, na wenye majina nao wanatutoka mmoja mmoja. Bibi yangu alipata kutazama karibu mkebe wote. Vipande vilivyobaki nimevipiga, nimeviweka, na nyuso zake sizijui.

Kama nyumbani kwenu kuna mkebe na bado yupo wa kuulizwa, kaa naye wiki hii. Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu, na atujaalie tuwe watunzaji wa siri zao. Amin.