Meja wa Vugiri na Sauti za Wengine

Wako wamwitao Meja L. A. Notcutt baba wa sinema ya Afrika Mashariki. Wako pia wamtupao jaani pamoja na dola aliyoitumikia. Makundi haya hushindana kwa ukali, na yote mawili yamekosea jambo moja: yanadhani picha zilizotengenezwa Vugiri, katika milima ya Usambara kusini ya Lushoto, zilikuwa kazi ya mtu mmoja.

Jaribio hilo la sinema ya elimu lilianza mwaka 1935 chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Notcutt alishika upande wa picha, G. C. Latham upande wa elimu. Hata kufika mwaka 1937 picha zipatazo 35 zilikuwa zimekwisha.

Kwamba zilikuwa mahubiri ya watawala, hilo halina ubishi. Katika mojawapo mtu azikaye fedha yake ardhini huibiwa, na mwenzake aiwekaye katika benki ya posta husalimika. Nyingine ilieleza matumizi ya kodi. Mlipa kodi alionyeshwa fedha yake iendako. Nani alimwuliza kama ameridhika itozwe?

Lakini picha zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yalitiwa katika santuri, yakapigwa kwa gramafoni sambamba na picha: Kiswahili hapa, Kikikuyu pale, Kiganda kwingine. Meja hakuyasema hayo yote kwa kinywa chake. Walikuwapo Waafrika walioigiza, waliofasiri na waliosema, na mfasiri si bomba lipitishalo maji. Neno la kodi likitoka katika Kiingereza kuingia Kiswahili, yeye ndiye aamuaye kama litaingia kwa upole au kwa kishindo. Wanaomsifu Notcutt hawawataji watu hao. Wanaomlaani hawawataji vilevile, na kosa lao ni zito zaidi, maana wao hudai kusema kwa niaba ya Mwafrika.

Mwaka 1937 serikali za makoloni zilikataa kuendelea kugharimia kazi hiyo, nayo ikakoma. Picha tatu tu zimehifadhiwa, nazo ziko Uingereza. Wanafunzi huzitazama huko, kisha huandika kurasa nyingi juu ya nia ya Meja. Na waje Vugiri, wawaulize wazee ni babu ya nani aliyesimama mbele ya kamera, na ni sauti ya nani iliyotiwa katika santuri. Waulize mwaka huu, kwa kuwa wazee hao hawangoji tasnifu.