Mashine iwe ya kampuni, mchoro uwe wako

Leo naomba tuweke kando habari za simu na hifadhidata. Nataka tuzungumze kuhusu garimoshi. Sisemi lile la kwenda Mombasa. Ni garimoshi dogo la mezani, ambalo limenilia wikendi nyingi kuliko ninavyothubutu kumwambia mama.

Mnazijua zile mashine ndogo za kukata zinazokaa mezani kama printa? Mahali pa wino pana kisu kidogo. Wengi huzinunua kwa ajili ya stika, kadi za harusi na maandishi ya fulana. Majina yanayosikika zaidi ni Cricut na Silhouette, na kaka zao wakubwa ndio hukata stika za matatu. Basi kuna sisi wengine tunaozilisha karatasi nyembamba za plastiki ya polistirini, tukatoa kuta za stesheni, fremu za madirisha na mbavu za mabehewa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusipotezeane muda. Mashine hii ni baraka kwetu sisi ambao reli zetu haziuzwi madukani, lakini utajiri wenyewe uko kwenye mchoro. Ukiuacha mchoro wako mikononi mwa kampuni, umejenga nyumba kwenye kiwanja cha wenyewe.

Kwa nini naiita baraka? Maduka ya modeli huko ng'ambo yamejaa treni za Uingereza, Ujerumani na Marekani. Ukitafuta behewa la abiria la reli yetu ya zamani, utatafuta hadi uchoke. Mabehewa yaliyowalaza wazazi wetu njiani kati ya Nairobi na Mombasa yaliachishwa safari hiyo mwaka 2017, reli mpya ilipofunguliwa. Ukitaka kuona mali ya enzi hizo, nenda Makumbusho ya Reli, Nairobi. Pale ndipo lilipo jitu namba 5918, Mount Gelai, injini ya aina ya Garratt iliyoundwa na Beyer, Peacock kule Manchester miaka ya 1950. Nani atatuuzia vipande vya behewa la daraja la tatu lililovutwa na jitu hilo? Hakuna haja ya kungoja. Tujiundie.

Sasa hesabu. Kwa skeli ya 1:87, reli yetu ya upana wa mita moja inakuwa milimita 11.5, ndiyo maana waundaji wengi hutumia njia ya milimita 12. Dirisha la sentimita 61 linakuwa milimita 7. Ubao wa sentimita 15 unakuwa milimita 1.7. Jaribu kukata madirisha 10 ya namna hiyo kwa wembe na rula. La kwanza litapendeza, la tano litapinda, na la tisa litakuta kidole kimefungwa plasta. Mashine haichoki. La tisa ni pacha wa la kwanza.

Lakini msidhani ni kubonyeza kitufe tu. Kwenye plastiki ya milimita 0.25 mashine yangu huchora mfereji, hata nikiirudisha mara tatu. Kumalizia ni kazi ya vidole: unakunja taratibu hadi kipande kiachie. Plastiki nene zaidi ya hapo, mimi nimenyosha mikono. Dawa yake ni kujenga kwa tabaka. Tabaka la nje ni ubavu wenye mistari ya mbao, la kati ni fremu za madirisha, na la ndani ni la kuimarisha, lenye matundu makubwa kidogo ili kioo kipate pa kukaa. Unaunganisha kwa gundi ya majimaji inayoyeyusha plastiki, unapitisha msasa laini ukingoni kwa sababu kisu huacha tuta dogo, na ukuta umesimama. Ni kama tunavyoandika programu: tatizo kubwa unaligawa vipande vidogo, kila kipande kikiwa na kazi yake.

Makosa nimeyafanya ya kutosha. Behewa langu la kwanza lilitoka kubwa kwa theluthi nzima! Nilichora kwa pikseli 96 kwa inchi, nayo programu ya kukatia ikasoma 72. Nilikaa nikilitazama kama mtu aliyeshonewa suruali ya jirani. Tangu siku hiyo kila mchoro wangu una mraba wa milimita 50 pembeni. Nikikata mraba huo kwenye karatasi ya kawaida nikapata karibu milimita 67, najua mapema. Kosa la pili lilikuwa kukata umbo la nje kwanza. Kipande kikalegea kwenye mkeka wa gundi, na madirisha yakachanika yote. Anza na matundu ya ndani, umbo la nje lije mwisho.

Kuna mzee mmoja, fundi wa modeli wa miaka mingi, aliniona nikibandua ubavu kwenye mkeka akaniambia, "Kijana, huko si kuunda, huko ni kuchapisha." Nilinyamaza kwa heshima, lakini hapa nitamjibu. Mzee wangu, mashine haikwenda kupima behewa kwa futi chini ya jua. Haikuamua ni mstari upi uachwe kwa sababu kwa udogo huu hautaonekana. Haijui kwamba mlango ule uliwahi kubadilishwa. Hayo yote ni ya mtu, nayo yanakaa kwenye mchoro. Kisu ni kisu, kiwe mkononi mwako au kiwe kinazungushwa na mota.

Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza. Mwaka 2018 Cricut ilizima Craft Room, programu iliyotumiwa na wenye mashine zake za zamani. Machi 2021 kampuni hiyo hiyo ikatangaza kwamba asiyelipa ada ya kila mwezi angepakia michoro 20 tu kwa mwezi. Mashine umeinunua kwa pesa zako, iko mezani kwako, halafu unahesabiwa michoro! Watumiaji walipiga kelele, na baada ya siku chache mpango ukafutwa. Nawapongeza waliopiga kelele. Lakini mlango uliofungwa kwa kelele unaweza kufunguliwa tena siku watu wamelala. Hata upande wa Silhouette, toleo la bure la programu yao hufungua faili za DXF lakini SVG mpaka ulipie.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Chora kwa Inkscape, programu huria isiyokudai hata shilingi. Hifadhi mchoro kama SVG, ambayo ni maandishi matupu. Hata miaka 20 ijayo mtu ataifungua kwa kihariri chochote akasoma namba zako. Vipimo halisi vya behewa viandike humo humo ndani ya faili, pamoja na tarehe uliyopima. Weka nakala mahali zaidi ya pamoja. Ukinunua mashine, usiulize bei peke yake. Uliza pia kama itakata mchoro wako siku intaneti imepotea au kampuni imebadili mawazo.

Nasisitiza hivi kwa sababu mabehewa yenyewe hayatungoji. Bati linaliwa na kutu, mbao zinaliwa na mchwa. Mashine niliyo nayo leo itakufa pia, pengine kabla sijamaliza treni yangu. Kitakachobaki ni faili ndogo yenye vipimo sahihi, ambayo kijana wa Voi au Kisumu ataifungua, akaikata kwa mashine ambayo leo haijabuniwa, akapata ubavu ule ule wenye madirisha yale yale.

Futi ya kupimia inauzwa kwa bei ya chai na mandazi. Kazi kwenu.