Miche mmehesabu, na visiki je?

UE zimeisha salama, nimepata nafasi ya kushika kibodi, na leo naongelea uyoga. Msicheke kwanza.

Sisi watu wa Mwamgongo, pale jirani kabisa na Hifadhi ya Gombe upande wa kaskazini, tumekulia kwenye kampeni za kupanda miti. Mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall ulianza 1994, vitalu vikaja, na kweli ile milima mikali ilikuwa imebaki upara, mvua ikinyesha udongo unateremka ziwani. Siwapingi hata kidogo. Ninachobishia ni huu ugonjwa wetu wa kuhesabu miche. Kila mgeni akija anasomewa miche tuliyopanda, watu wanapiga makofi. Chini ya ardhi nani ameangalia?

Iko hivi. Miti inayotawala miombo, yaani miyombo yenyewe na jamaa zake, pamoja na mikusu ambayo matunda yake tunakula, mizizi yake midogo imevikwa kuvu kama mguu na soksi. Kuvu hao wana nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinapenya ambako mzizi haufiki, zinaleta fosforasi, naitrojeni na maji, na mti unalipa kwa sukari. Mali kwa mali. Ule uyoga wa manjano akina mama wanaookota porini mvua zikikolea ndiyo tunda la biashara hiyo. (Uyoga wa kichuguu ni habari nyingine, ule mkulima wake ni mchwa.) Ukimaliza miyombo, uyoga huo nao kwaheri, na hela ya daftari imekwenda.

Kuna Msweden, Peter Högberg, mwaka 1982 alichapisha utafiti wa mizizi ya miti ya hapa hapa Tanzania. Miti haina kuvu wa aina moja. Mninga, kwa mfano, unatumia wale wanaoingia ndani ya mzizi, kundi lile lile la kwenye muhogo na michikichi. Kwa hiyo mche wa myombo ukiota karibu na mama yake unakuta kuvu wapo tayari, lakini ukiupeleka kwenye shamba lililolimwa muhogo miaka ishirini unaweza kukosa mwenzake kabisa. Misindano ilipoletwa Afrika ilidumaa sehemu nyingi mpaka udongo wenye kuvu wake ulipoletwa nao ndipo ikakua.

Halafu kuna hizi stori kwamba miti inaongea na kulishana kwa nyuzi hizo. Zilianza kuvuma baada ya Suzanne Simard kuchapisha utafiti wake wa Kanada mwaka 1997. Mwaka 2023 Justine Karst na wenzake wakasema ushahidi wa msituni bado ni mwembamba kuliko kelele zake. Mimi nakubaliana nao. Hatuhitaji hadithi ya miti yenye huruma ili tuheshimu kisiki.

Maana hoja yangu ni kisiki. Kisiki cha myombo kinachipua, mizizi yake iko hai, inaendelea kuwalisha kuvu. Ukiking'oa kwa ajili ya mkaa umeua vyote viwili. Hata TACARE wenyewe baadaye waliweka nguvu kwenye misitu ya vijiji inayoachwa irudi yenyewe.

Najua mtasema ardhi ni finyu, huku hifadhi huku ziwa, na sufuria lazima ichemke. Sawa bwana. Chipukizi nazo ni kuni, kata machipukizi manne acha mawili, shina liache. Na wenye vitalu, kwenye kiriba weka konzi moja ya udongo kutoka chini ya myombo mkubwa, haigharimu hata senti.

Wadau wa Mtanga na Kalinzi, kwenye vitalu vyenu udongo wa viriba mnachota wapi?