Usiuze mashua kwa jina la chuo



Kila matokeo ya KCSE yakitoka, Amu huanza mjadala ule ule, barazani na kwenye magrupu ya WhatsApp: "Umepata chuo gani?" Hakuna aulizaye kozi gani wala kazi gani. Ukitaja chuo cha kulipia cha Nairobi chenye jengo la vioo, wazee wanaridhika. Ukisema TUM, tena tawi la hapa hapa Lamu, utaambiwa "ah, ndio hiyo tu?" Na kuna nyumba, wewe wazijua kama sisi tunavyozijua, ambazo mashua imeuzwa au dhahabu ya mama imepelekwa kwa sonara ili kijana akalipate hilo jina.

Hebu tuulizane kwa ukweli: jina hilo lalipa?

Wale wanaolipwa kuwatia vijana moyo watakwambia chuo si kitu, juhudi yako tu. Usilimeze hilo haraka. Mwaka 2002 wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi waliosoma vyuo vikubwa na wenzao waliokubaliwa na vyuo vya daraja hiyo hiyo lakini wakasoma kwengine. Kwa wengi wao mishahara ilikaribiana. Waliofaidika hasa na chuo kikubwa ni wale waliotoka nyumba za kipato cha chini.

Mimi sioni ajabu hapo. Mtoto wa mkubwa, asome asisome pazuri, ana ami yake wizarani na rafiki wa babake benki. Mtoto wa mvuvi wa Kizingitini hana ami Nairobi. Kwake yeye jina la chuo, na wale atakaokaa nao darasani, ndio ami yake. Kwa maneno mengine, jina twalinunua kwa sababu hatuna wa kutushika mkono. Palipo na kujuana, asiyejulikana hulipa zaidi.

Kwa hivyo ukipangiwa na KUCCPS chuo kikuu kikubwa cha serikali, na mkopo wa HELB ukapatikana, nenda. Usiogope baridi ya Nairobi, na usijifungie chumbani na watu wa kwenu tu. Lakini kuuza chombo kinacholisha nyumba ili ulipie jina ni jambo jengine kabisa. Hapo swali si kama chuo ni maarufu, bali kama chatambuliwa. Shahada ina CUE, vyuo vya ufundi vina TVETA. Kwa kazi za baharini, mwenye neno ni KMA. Baharia haulizwi alisoma kwenye jengo la ghorofa ngapi. Aulizwa vyeti vya usalama baharini vinavyokubalika chini ya mkataba wa kimataifa wa 1978. Kama chuo hakikuidhinishwa, karatasi yao ni ya kufungia bajia. Basi uliza kabla hujalipa hata shilingi, na jibu ulipate kwa mamlaka yenyewe, si kwa yule kijana wa matangazo aliyekuja na fulana.

Na hiyo TUM tunayoibeza, wengi hawajui ilikotoka. Ilianza kama chuo cha ufundi cha Waislamu wa Afrika Mashariki, MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Kibohora, pamoja na pesa za serikali ya kikoloni. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Wazee wetu waliona vijana wa Kiislamu wanaachwa nyuma kwenye kazi za ufundi, wakatoa mali wakajenga. Sisi leo twaona haya kuandika jina lake kwenye fomu!

Sasa tuje bandarini, maana hapa ndipo roho inapouma. Mradi ulizinduliwa Machi 2012, gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021. Serikali iliahidi kufadhili vijana 1,000 wa Lamu wasomee kazi za bandari. Na bado kila tukiuliza mbona hatuwaoni watu wetu kazini, jibu ni moja: "Vijana wenu hawana vyeti." Huenda kwa baadhi ni kweli. Lakini wapo wenye vyeti, tena vinavyotambuliwa, na wako nyumbani, kwa sababu nafasi ilijazwa kabla tangazo halijavuka maji kufika Faza. Huyo hata ungempa shahada ya Oxford, angelikosa vile vile.

Ibara ya 56 ya Katiba yataka jamii zilizotengwa zipewe nafasi maalumu za ajira. Ibara ya 232 yataka ushindani wa haki katika utumishi wa umma. Na wavuvi wetu washatuonesha njia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari hii hii, na ikasema haki ya watu kupata habari za mradi ilivunjwa. Hakuna aliyewauliza wavuvi wale walisoma wapi.

Kwa hivyo ukiomba kazi ya umma ukanyamaziwa, usikimbilie kujilaumu kwa chuo chako. Andika barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Uliza nafasi zilikuwa ngapi, zilitangazwa wapi na lini, na vigezo vilikuwa vipi. Wana siku 21 za kukujibu. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na nakala utuletee sisi. Barua yenyewe si lazima iwe ya Kiingereza. Sheria yakubali Kiswahili.