Sindano ya mishipa Nairobi, donge la damu Endarasha

Kliniki za urembo zimeota nchini kama uyoga baada ya mvua. Utazikuta Nyali, utazikuta Kilimani na Westlands kule Nairobi, na matangazo yake hayakupi nafasi ya kupumua kila ufunguapo simu. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa utaratibu wa kuondoa mafuta mwilini katika kliniki ya aina hiyo. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, likaifunga kliniki hiyo, watu wakapiga kelele wiki mbili tatu, kisha tukarudi kwenye siasa zetu.

Leo nataka tuzungumze kuhusu huduma ambayo haina kisu wala dawa ya usingizi, na kwa sababu hiyo haimtishi mtu. Ni sindano ya kuondoa mishipa iliyofura miguuni. Unaingia kliniki asubuhi, saa nne umeshatoka na miguu yako miwili. Ni huduma halali, inafanywa na madaktari duniani kote, na wengi hunufaika nayo. Lakini inaacha swali moja ambalo Kenya hatujalijibu: mteja akishavuka mlango wa kliniki na kupanda matatu kurudi kwao, ni nani anayemwangalia?

Sindano yenyewe hufanya nini

Mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, yaani vena, ina vilango vidogo ndani yake vinavyozuia damu isirudi chini. Vilango vikilegea, damu hutuama miguuni, mishipa ikafura na kujipinda kama kamba. Huwapata zaidi wanaosimama kutwa, kina mama waliozaa mara kadhaa, wanene, na wale ambao wazazi wao walikuwa nayo. Ile midogo, myekundu au ya zambarau, Wazungu wameiita mishipa ya buibui kwa kuifananisha na utando. Na wanawake wetu wa Pwani wana buibui la kuifunika, ndiyo maana wengi huishi miaka na miguu inayowaka moto bila ya mtu kujua.

Daktari huingiza dawa ndani ya mshipa. Inayotumika sana ni polidokanoli, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha mwaka 2010 kwa kazi hii. Dawa hiyo huunguza ngozi ya ndani ya mshipa makusudi, kuta zake zikashikana, mshipa ukafa na mwili ukautafuna taratibu. Kwa mishipa mikubwa dawa huchanganywa na hewa ikawa povu, ili isukume damu na kugusa kuta zote. Miongozo ya Ulaya inapendekeza povu lisizidi mililita 10 kwa kikao kimoja.

Kubaki na vijivimbe vigumu vinavyouma kidogo juu ya mshipa uliodungwa, au alama za rangi ya kahawia, ni jambo la kawaida. Hiyo ni damu iliyonaswa kwenye mshipa wa juu juu. Hatari ni pale damu inapoganda kwenye vena kubwa za ndani, za shavu la mguu au za paja. Donge hilo likikatika husafiri hadi kwenye mapafu na kuziba njia, na mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Tafiti nyingi zinaonyesha hutokea kwa chini ya mtu 1 katika kila 100 waliodungwa. Ni wachache, ndiyo. Lakini yule mmoja ana jina na ana watoto.

Mafiga matatu

Katika karne ya 19 madaktari walijifunza jambo ambalo hadi leo huhusishwa na jina la Mjerumani Rudolf Virchow: damu huganda mahali pasipotakiwa kwa sababu tatu. Ukuta wa mshipa umejeruhiwa, damu imetuama, au damu yenyewe ina mwelekeo wa kuganda upesi. Mimi huyaona kama mafiga matatu. Figa moja halibebi chungu, lakini yakikamilika, chungu kinakaa sawasawa.

Sindano hii inaweka figa la kwanza kwa makusudi, kwani kazi yake ni kujeruhi ukuta. Figa la pili ni kukaa bila kutembea. Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake humtaka mgonjwa atembee mara tu anapotoka kitandani, avae soksi za kubana, na aahirishe safari ndefu. La tatu huja na mtu mwenyewe: vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, ujauzito na wiki sita baada ya kuzaa, saratani, unene, au kuwahi kupata donge la damu zamani.

Hapa Wapwani tuna la kwetu. Selimundu ni nyingi Pwani, na watafiti wa KEMRI kule Kilifi wameishughulikia kwa miaka mingi. Mwenye ugonjwa huo ana hatari kubwa ya damu kuganda. Hata yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, anayejiona mzima kabisa, utafiti umeonyesha kuwa hatari yake ya kupata donge kwenye mapafu imezidi ya wengine. Fomu za kliniki nyingi zimenakiliwa kutoka nchi za wenzetu, ambako swali hilo halina uzito. Daktari asipokuuliza, mwambie wewe.

Barabara ya Endarasha

Ndugu yangu ameoa Endarasha, kule Kieni, kaunti ya Nyeri, kwa hiyo tuna wakwe huko na huwa tunakwenda. Wengi wenu jina hilo mlilisikia kwa mara ya kwanza Septemba 2024, moto ulipoteketeza bweni la shule ya Hillside Endarasha na kuua wavulana 21. Ni mji mdogo wenye baridi, kati ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya, watu wake ni wa viazi, kabeji na vitunguu. Kina mama huinama shambani siku nzima, na siku za soko husimama Karatina tangu alfajiri. Ukitaka kuona mishipa iliyofura, hapo ndipo pake.

Safari yetu ya mwisho tulimkuta jirani ya wakwe zetu, mama wa miaka arobaini na kitu, amelala na mguu mmoja juu ya mto. Alikuwa amedunduliza pesa za vitunguu akaenda Nairobi kudungwa miguu yote miwili. Alidungwa saa tatu asubuhi, saa tano akawa ndani ya matatu. Kutoka Nairobi hadi Nyeri ni kama kilomita 150, bado hujaongeza kungoja gari lijae, msongamano wa Thika, na kipande cha kutoka Nyeri hadi nyumbani. Alikaa amekunja magoti karibu kutwa nzima. Hakupewa soksi, aliambiwa zinauzwa kando.

Siku ya nne mguu wa kushoto ulivimba. Akapiga simu kliniki, aliyepokea akamjibu, "Ni kawaida mama, kunywa maji." Siku ya sita paja likauma. Mama mkwe alikuwa ameshaandaa mafuta amkande. Mke wa ndugu yangu, ambaye aliwahi kusomea uuguzi, alimshika mkono: "Mama, usiuguse huo mguu. Twende Nyeri." Altrasaundi ikaonyesha donge kwenye vena ya paja. Akaanzishwa sindano za kuzuia damu isigande zaidi, kisha vidonge ambavyo kwa kawaida humezwa miezi mitatu au zaidi. Alhamdulillah, yu hai. Lakini pesa alizotumia hospitali zilizidi alizolipa kliniki, na msimu wa kupanda ulimpita.

Sitataja kliniki, kwani sina haja ya kumshitaki mtu mmoja. Ninachokitazama ni mpangilio mzima. Aliyemdunga yuko Nairobi, aliyempokea akiwa mgonjwa yuko Nyeri, na baina yao hapakuwa na hata kipande cha karatasi. Daktari wa Nyeri hakujua ni dawa gani iliyotumika, kiasi gani, wala mishipa ipi. Ilibidi amuulize mgonjwa.

Pengo liko wapi

KMPDC hutoa leseni kwa daktari na kwa jengo. Wanaweza kukagua vitanda, vifaa na vyeti, na wakikuta uozo hufunga. Hilo ni jema. Lakini donge la damu halitokei siku ya ukaguzi, wala ndani ya jengo. Hutokea siku kadhaa au wiki kadhaa baadaye, kilomita nyingi kutoka hapo. Kliniki inaweza kuhesabu wateja elfu waliotoka wakitabasamu, na isijue ni wangapi waliishia wodini Nyeri, Voi au Malindi. Hospitali ya kaunti nayo inaandika "damu kuganda mguuni", na sababu haimfikii yeyote.

Kinachohitajika hakina gharama kubwa. Kwanza, kila aliyedungwa atoke na karatasi yenye jina la dawa, kiasi, mishipa iliyodungwa, na nambari ya simu inayopokelewa na mtu wa tiba. Pili, soksi ziwe ndani ya bei, zisiuzwe kama pambo. Tatu, hospitali inayompokea mgonjwa wa namna hii iwe na wajibu wa kuripoti kwa Baraza. Serikali za kaunti, ambazo ndizo zinazobeba mzigo wa madhara, zinayo haki ya kulidai hilo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Basi mwananchi akishahudumiwa kwa dharura hiyo, aliyeisababisha naye ajulikane.

Wewe msomaji ufanye nini

Kabla ya kulipa, tafuta jina la daktari kwenye orodha ya KMPDC, ipo mtandaoni na ni ya bure. Uliza kama utapimwa mishipa kwa altrasaundi kwanza, hasa ikiwa ile inayotibiwa ni mikubwa. Kama wewe ni dada unayetaka kuhudumiwa na mwanamke, ni haki yako kuuliza, lakini stara isikufanye uende kwa asiyejua kazi. Ukiwa mjamzito, acha. Kama unajiandaa kwa Umra au Hija, dungwa baada ya kurudi, au mapema kabisa kabla ya kuondoka kwa ushauri wa daktari. Na kama umetoka Lamu au Tana River kufuata huduma Mombasa au Nairobi, tafuta jamaa wa kukulaza siku kadhaa, utembeetembee kila siku, ndipo usafiri.

Ukisharudi nyumbani, chukua futi ya fundi cherehani upime mashavu ya miguu yote miwili, chini ya goti kidogo, mahali pamoja. Mguu mmoja ukizidi mwenzake kwa sentimita 3 au zaidi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukisikia maumivu ya shavu la mguu au paja yanayozidi, au joto upande mmoja. Usingoje wekundu unaoelezwa kwenye vitabu, kwani kwenye ngozi zetu nyeusi mara nyingi hauonekani. Ukipatwa na pumzi fupi ya ghafla, kichomi ukivuta pumzi, kukohoa damu au kuzirai, hiyo si ya kungoja asubuhi. Na uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakigoma kutoka, hicho kinaweza kuwa kiharusi, ambacho kwa nadra hutokea hasa pale povu lilipotumika.

La mwisho ni la mila zetu. Mguu uliovimba baada ya sindano usikandwe, si kwa mafuta ya nazi wala kwa dawa ya kuchua, kwa sababu mkono unaokanda unaweza kulisukuma donge. Wala usipelekwe kupigwa chuku. Hijama ina mahali pake kwa wanaoiamini, ila donge lililo ndani ya paja halifikiwi na chuku, na kila siku unayopoteza ni siku donge linakua.

Kliniki zitaendelea kufunguliwa, na miguu ya mama zetu itaendelea kuuma. Siwaambii watu wasidungwe. Nawaambia wabunge wetu wa kaunti, pale watakapoletewa bajeti ya afya, waulize hospitali kuu imepokea wangapi waliodhurika na huduma za kliniki binafsi mwaka uliopita. Jibu likiwa "hatuna hesabu hiyo", basi hapo ndipo pa kuanzia kazi.