Tasa Zinazozaa

Juzi nilisimama katika duka la vyombo, Kariakoo, nikinunua vikombe. Binti wa mwenye duka, mwanafunzi wa darasa la tano, alikuwa ameegemea boksi akisoma kwa sauti: "Namba tasa ni namba kubwa kuliko moja inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu." Mama yake, aliyekuwa akihesabu dazeni, akaguna:

"Tasa? Hata namba nazo husimangwa?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema, mama."

Mteja mmoja akacheka. Mama hakucheka.

Wapenzi wa lugha, swali la mama yule limenikaa moyoni. Tasa, kwetu, ni mwanamke au mnyama asiyezaa. Ni neno linalosemwa nyuma ya mgongo, na linalouma. Likipelekwa kwenye namba, linaeleza ukweli mmoja: vikombe 12 waweza kuwagawia sawasawa watu wawili, watatu, wanne au sita, vikombe 13 hutawagawia hivyo, isipokuwa mtu mmoja avichukue vyote au watu 13 wapate kimoja kimoja.

Lakini huo ni nusu ya ukweli. Chukua dazeni tano, yaani vikombe 60. Anza na 6 × 10, au 4 × 15, au 5 × 12, kisha endelea kugawanya mpaka isibaki namba ya kugawanyika. Kila njia itakufikisha pale pale: 2 × 2 × 3 × 5. Kila namba nzima iliyozidi 1, ikiwa si tasa yenyewe, imezaliwa na namba tasa, na nasaba yake ni moja tu, ukiacha mpangilio. Wala wazazi hao hawaishi: Euclid alithibitisha hilo yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Tunawezaje kuwaita tasa waliozaa namba zote?

Sisi washairi tunalijua jambo hili kwa vidole vyetu. Mshororo wa mizani 16 tunaukata ukwapi na utao, nane kwa nane, na hiyo nane ni 2 × 2 × 2. Mshororo wa mizani 17 hauna nusu zilizo sawa. Hata hivyo, tathlitha ina mishororo 3 na takhmisa ina 5, na zote mbili ni namba tasa. Nani miongoni mwetu amewahi kusema kwamba tathlitha haizai?

Wengine walizitazama namba hizi upande wa pili. Euclid, kwa Kigiriki chake, aliziita namba za kwanza. Waarabu nao huziita za awali. Wao walitazama chanzo, sisi tukatazama ukomo. Na neno "awali" tunalo tangu zamani, hatuhitaji kuliazima.

Wapo watakaosema kwamba istilahi haina uchungu, na kwamba hii imekwisha kuzoeleka vitabuni na katika mitihani. Hoja ya mazoea naikubali. Kubadili jina kwa siku moja kungewachanganya watoto. Ile ya uchungu naikataa. Mtoto hulipokea jina kabla ya kuielewa maana, na jina hili humfundisha mambo mawili: kwamba namba hizi hazina kitu, na kwamba neno la kumsimanga mwanamke ni neno la kawaida tu.

Ninachopendekeza ni kidogo. Vitabu viandike "namba za awali" kando ya "namba tasa", mpaka jina jipya lizoeleke na la zamani lipumzike. Na mwalimu aanze somo kwa kuonyesha namba hizi zinazaa nini, kabla ya kusema zinashindwa nini. Hapo mama yule wa Kariakoo atakuwa amejibiwa.