Msitu wa Itebero una wenyewe

Waya wa breki ya baiskeli ukitegwa msituni hunasa mboloko, yule paa mdogo wa msituni. Hukata pia mkono wa gorila. Itebero, huko Walikale mashariki mwa Kongo, inaujua mtego huo. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipopanuliwa mwaka 1975 hadi nyanda za chini za Walikale, vijiji vilijikuta ndani ya mipaka, na mwindaji akageuka jangili.

Kwa sheria ya Kongo ardhi ni ya serikali. Lakini amri ya Agosti 2014 inairuhusu jamii kupewa msitu, nje ya hifadhi, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Tunaiunga mkono amri hiyo. Vijiji vipange vyenyewe pa kuwinda na pa kupumzisha, na waya upigwe marufuku. Serikali nayo iwaondoe wenye bunduki; hao hawasomi hati ya msitu.